Kijana wa Herufi Mbili

Haya nimeyapata kwa Nyamizi mwenyewe, Jumapili ya juzi, tukipukuchua mahindi. Kila alipofika penye habari za kaka yake alilitupa gunzi mbali, kana kwamba gunzi ndilo lililomkosea.

Nyamizi ana steshenari pale Bariadi, karibu na stendi. Anachapa barua za watu, anatoa kopi, kompyuta anaijua. Aliyemchosha roho ni huyo kaka yake, Mayunga. Mayunga anafanya kazi Dodoma, ndani ya chumba cha mitambo ambako simu huachwa kwa mlinzi mlangoni. Na hata akiwa nje, wasapu hataki kuisikia, anasema ni makelele. Yeye ana programu yake moja tu ya kuongelea na watu: dirisha jeusi, maandishi meupe, basi. Haina picha, haina sauti, haina hata kitufe cha kubofya. Kila kitu ni kuandika amri, na ukisahau kimstari kinachotangulia amri, amri yako inamfikia kama maneno ya kawaida, naye anakurudishia alama ya kuuliza.

Sikukuu iliyopita yeye ndiye aliyemwekea dada yake programu hiyo. "Nyepesi hii, Nyamizi. Haili bando."

"Hata jiwe halili bando, kaka."

Siku ya wageni wa Milembe, maudhi yakakolea. Milembe ndiye mdogo wao wa mwisho, na kijana wa Nassa alikuwa amemsubiri tangu mavuno ya mwaka jana. Ng'ombe walishazungumzwa. Baba yao alishafariki, na baba mdogo Ngeleja alishatoa neno lake. Lakini Mzee Mayala, baba wa kijana, aliketi sebuleni, akaweka kofia gotini, akasema:

"Sitaki mtoto mkubwa wa kiume aje kusema baadaye kwamba hakushirikishwa. Nimsikie leo, yeye mwenyewe. Nisipomsikia, nitakunywa maji niondoke, na habari ya watoto hawa tuiache."

Nyuma ya pazia, Milembe aliacha kuosha vikombe.

Nyamizi akafungua kompyuta juu ya meza, akaandika: Mzee Mayala wa Nassa anakusalimu, mwadila. Anauliza, mhola huko, kwema? Kazi je? Afya?

Jibu likaja: nipo

"Anasemaje?" akauliza Mzee Mayala.

Nyamizi akamgeukia mgeni. "Anasema mwadila, baba. Ni mzima, anamshukuru Mungu, na anawapa pole ya safari."

"Haya. Mwambie safari ilikuwa njema, ila vumbi. Mvua je, huko?"

hamna

"Anasema mvua imewapita pembeni, baba, majani yamekauka. Anauliza mifugo yenu inaendeleaje."

"Ah! Huyu kalelewa!" Mzee akamgeukia mshenga wake, Nyanda, kisha akaanza kueleza habari za zizi lake lote, nani kazaa, nani kakonda, yupi wa pembe moja katupa mimba. Nyamizi akaandika mpaka vidole vikamuuma. Jibu likaja, sawa iliyokatwa: sw

"Anasema pole sana, baba. Ng'ombe kutupa mimba ni msiba. Imemgusa."

Nyanda anauza vipuri vya baiskeli Dutwa, na anasoma vizuri tu. Akavaa miwani, akasogeza kiti. "Dada, huo msiba umeusoma wapi? Mimi naona herufi mbili."

"Programu... inafupisha."

"Huku siyo kufupisha, dada. Huku ni kunyoa."

Mzee Mayala akavaa kofia. "Kumbe muda wote naongea na binti! Nimemweleza kijana habari za zizi langu, naye ananitupia herufi mbili kama mbwa anavyotupiwa mfupa?" Akasimama. Mama yao, Monika, akasema kaa baba, chai inakuja. Baba mdogo akaangalia sakafu. Nyuma ya pazia kikombe kikaanguka, na Milembe akaita kwa sauti ndogo, "Dada."

Nyamizi akaandika kwa herufi kubwa, kila pigo likatikisa meza: MAYUNGA. MZEE ANATAFUTA VIATU. MSHENGA NYANDA AMESOMA MAJIBU YAKO. NIMEKUKOPESHA ADABU TANGU WAINGIE, SASA YANGU IMEKWISHA. MILEMBE ANALIA. WASALIMIE WATU AU USINIITE DADA TENA.

Mzee alikuwa amevaa kiatu kimoja maandishi yalipotokea: Nyanda ndiye asome, si wewe.

Nyanda akasoma kwa sauti. "Baba Mayala, mwadila. Naomba radhi. Kutwa naandikiana na watu wasiosalimiana, nami nimeshakuwa kama wao. Yule wa pembe moja, ndiyo mimba yake ya kwanza? Mlimpa dawa gani?"

"Ya pili!" akasema Mzee Mayala pale mlangoni. "Mwambie ya pili!" Akarudi kukaa, na kiatu chake kimoja.

Hapo ndipo adhabu ya Nyamizi ilipoanza. Mayunga akamsalimu mama wa kijana, wadogo zake, na hata jirani ambaye Mzee alisema huwaletea sato. Akauliza pamba, akauliza mpunga. Mzee alijibu kila swali kwa urefu, na kwa kuwa programu haina masikio, yote yalipita kwenye vidole vya Nyamizi. Chai ikaja, ikapoa. "Kaka," akanong'ona, "maneno yote haya ulikuwa umeyafungia wapi?"

Mwishowe Mzee akasema, "Sasa muulize. Ameridhia?"

Nyanda akasoma: "Mwiteni Milembe aseme kwanza. Akiridhia yeye, nami nimeridhia."

Milembe akatoka na mikono yenye povu, akaangalia chini. "Nimeridhia."

Nyamizi akaandika. Likarudi: "Basi nami nimeridhia, baba. Milembe ni wenu."

Mama akapiga vigelegele. Wageni wakala, wakaagwa, wakapanda gari la Nyashimo la kuwarudisha kwao wakiwa na furaha. Kigiza kilipoingia nyumba ilikuwa kimya, ila Mayunga alikuwa hajamaliza. Mama amekula? Amekula. Yuko wapi? Amelala. Baba mdogo? Amelala. Milembe je?

Amelala, kaka, akaandika Nyamizi, akaegemeza kichwa mkononi asubiri swali linalofuata. Lilikuja: na wewe dada, umechoka? Halikujibiwa. Nyamizi alikuwa amelala palepale mezani.