Gauni Lililosimama Lenyewe

Muulize yeyote sokoni Kasulu: Aneth akisema kitambaa ni kizuri, ni kizuri. Ndiyo maana daktari Castory alipotuambia tumenunua feki, mimi Nasma, fundi mwenzake, nilitaka kumjibu hapo hapo. Aneth akanikanyaga mguu.

Tulikuwa tumepeleka gauni la majaribio kwenye kituo cha afya huko Kibondo. Kitambaa chake kina dawa ndani ya nyuzi, inayoua bakteria wanaokigusa, na kituo kilitaka magauni hayo kwa wakunga wake. Daktari alitaka tulifue kwanza, kwani gauni la wodini hufuliwa kila siku. Tukikubaliwa, cherehani zetu zina kazi mwaka mzima. Tukikataliwa, tunarudi kwenye viraka, na jina la Aneth limeharibika.

Daktari alituonyesha visahani viwili vya maabara. Kimoja kilikuwa na kipande cha shuka la kawaida, kingine kipande cha gauni letu. Vyote vilikuwa vimetandwa na vijidudu.

"Kwenu hata wamenenepa zaidi," akasema. Kauli ile iliniuma.

Aneth alilichukua gauni akaliweka mezani. Likasimama lenyewe, mikono imenyooka. Akampigia simu Mwamvua, mama anayetufulia na kutupigia pasi. Kanzu za Idi na majoho ya kwaya ya mji mzima hupitia kwake. Akaweka spika.

"Shikamoo mama. Lile gauni la daktari ulilitia wanga?"

"Marahaba. Nililitia, tena mzito, wa muhogo. Nguo ya daktari itoke kwangu imelegea? Mimi sina aibu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kimepigwa pasi. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

"Wanga umeifunika dawa," akasema. "Vijidudu wamepikiwa ugali."

"Tupime tena, daktari," Aneth akasema. Hakuwa akicheka.

"Mara moja tu."

Mwamvua alilisuuza kwa maji ya moto, akilia na kunung'unika, mpaka likalegea kabisa. Tukalirudisha Kibondo, tukasubiri majibu. Daktari alileta visahani akaviweka mbele yetu. Juu ya shuka, utando ule ule. Kwetu palikuwa safi, na pembeni yake pia safi.

"Leteni ya wodi nzima," akasema. Nilipiga kigelegele mle mle maabara, na sijutii. Aneth alikaa chini akalia kwa furaha.

Siku ya kukabidhi mzigo tulikwenda na Mwamvua. Mkunga Veronica alivaa gauni moja akaingia kazini, kifua chote mikunjo kwa kukosa wanga. Mwamvua aliitazama kwa uchungu. Baadaye mlango wa chumba cha kujifungulia ukafunguliwa, Veronica akatoka na kichanga kifuani, amekilaza juu ya mikunjo ile ile, kinalia kwa nguvu.

Mkono wa Mwamvua ulikwenda kulinyoosha gauni, ukarudi.

"Acha lijikunje," akasema.