Chumba cha Viraka

Mtu asikudanganye kwamba mkuu wa ufuaji katika hospitali ile alikuwa mkatili. Afadhali angekuwa mkatili, maana huyo utamsema, utanuna, utaendelea na maisha yako. Huyu alikuwa mwema, na ndiyo kasheshe yenyewe. Wafanyakazi walimwita Mzee Taratibu kwa sababu hakuwahi kumfokea mtu. Ukiunguza shuka kwa pasi, atakuja, ataliangalia lile doa la kahawia, atasema, "Taratibu, mama," kisha atakwenda zake. Wakuu wenzake walimcheka eti analea watu wazima. Naye kimoyomoyo alijivunia, tena sana tu.

Nyuma ya mashine za kufulia kulikuwa na ukumbi wa kukunjia. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha wawili, mnalivuta, mnalikung'uta, mnasogeleana, mnarudi nyuma, na kutwa nzima mnatazamana usoni kuliko mnavyowatazama waume zenu. Humo alikuwamo mwanamke aliyeitwa Redio, maana akishafungua mdomo asubuhi, mpaka jioni haufungi. Mwenzake alikuwa Bi Mrefu, na kwa kuwa Redio alikuwa kibonge mfupi, shuka lao siku zote lilikaa upande. Wenzao wakawa wanawauliza kama wanakunja au wanaezeka paa. Wao hawakujali. Walikunja, wakateta watu, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Kisha mume wa Redio akafariki. Alikuwa dereva wa lori, mzima wa afya, akaugua ghafla na hakumaliza wiki.

Mzee Taratibu alikwenda mazishini, akamwona Redio amekaa kimya, na kimya kile kikamchoma. Akakumbuka mama yake alipofariki, yeye akiwa bado kijana wa kusukuma vitoroli vya nguo chafu. Kila aliyepita alimsimamisha: pole sana, ilikuwaje, alikuwa anaumwa nini. Alichotamani ni mlango wa kujifungia, basi. Hakuna mkuu aliyempa. Akajiapiza kwamba mama huyu hatapata taabu ile.

Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kidogo cha kushonea viraka mashuka yaliyotoboka. Mzee Taratibu alikipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, siku yake ya mapumziko. Akaweka kiti chenye mto, akatundika pazia, akaitia cherehani mafuta mpaka ikawa hailalamiki. Halafu akawakusanya watu wa ukumbini.

"Akirudi asisumbuliwe," akasema. "Marehemu asitajwe mbele yake. Mwacheni apumzike."

Bi Mrefu akainua mkono. "Mzee, huyu mtu mimi namjua. Mrudishe kwangu."

"Taratibu, mama. Atakung'uta mashuka na moyo ule?"

"Atakung'uta."

"Mwache apumue."

Bi Mrefu akakubali shingo upande. Hapa ndipo mimi ninapokasirika, jamani. Ilikuwa kazi gani kumuuliza mwenyewe? Mama, unataka kukaa wapi? Swali hilo hata mtoto analiweza. Lakini Mzee Taratibu alishajipima yeye, akaona koti lililomtosha litamtosha na mwenzake.

Redio aliporudi akaoneshwa chumba. Alikitazama kiti, akalitazama pazia, akasema, "Asante, Mzee." Mzee Taratibu akafurahi kwa ile asante. Hakujiuliza imekuwaje mtu ambaye hajawahi kuishia kwenye neno moja leo ameishia hapo.

Na watu ni watiifu kupita kiasi. Wakawa wanapita mlangoni pake kwa kunyata. Wakapunguza soga, wakapunguza hata salamu, kwa kuogopa ulimi usije ukateleza. Bi Mrefu akapewa mwenzake mwingine, binti mpole, shuka lao likawa limenyooka vizuri na hakuna aliyewatania.

Mvua za kwanza zilipoanza, Redio akaacha kuja. Alimtuma Bi Mrefu tu aseme ameacha kazi, amepata nyingine ya kuosha vyombo katika jiko la shule. Mzee Taratibu hakuelewa. Alikosa nini pale? Hakulala vizuri, na alichotaka sasa kilikuwa kimoja tu: Redio arudi. Akatoka kazini mapema, akanunua matunda, akaenda nyumbani kwake.

Wifi yake Redio ndiye aliyemfungulia. Akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Karibu. Wewe ndiye wa chumba?" Akaingia ndani kumwita mwenyewe.

Redio alitoka na kicheko chake cha zamani, akamkaribisha, akamtania kwamba amekonda. Mzee Taratibu akapata matumaini. Akamwambia alichokuja nacho: arudi, kazi yake ipo.

"Chumba kile nilikitengeneza kwa moyo wote, mama."

"Najua. Rangi ilikuwa bado inanuka." Redio akashusha pumzi. "Mzee, mimi nilijua mmenichoka. Nikaona msiba wangu umewakera, ndiyo maana mmenitafutia pa kunificha. Watu walikuwa wakiniona wanageuza njia. Kule shuleni masufuria yanagongana, wapishi wanauliza mambo mpaka aibu. Juzi nimewasimulia alivyokufa, mwanzo mpaka mwisho. Nimelia huku naosha sahani."

"Nisamehe. Rudi, nitakuweka na Bi Mrefu kesho hiyohiyo."

"Nimeshakusamehe. Lakini kurudi, sirudi."

"Kwa nini?"

"Naiogopa korido ile. Mle ndani nilianza kuongea na marehemu, tena kwa sauti. Namgombeza kwa nini ameacha viatu mlangoni, namuuliza atakula nini, halafu namjibia. Mara nyingine nacheka naye. Siku moja nikasahau kabisa kwamba amekufa. Nikajiambia, nikiendelea kukaa hapa nitarukwa na akili."

Hapo Mzee Taratibu akakumbuka. Alipita pale mchana mmoja, akasikia sauti ya Redio nyuma ya mlango, inaongea, inacheka kidogo. Alidhani Bi Mrefu ameingia kwa siri. Akaona awafumbie macho, akanyata akaondoka, na jioni akamwambia mkewe kwa furaha kwamba yule mama sasa amechangamka. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia?"

"Nilidhani uko na mtu."

"Ulikuwa mlangoni, Mzee, na hukufungua?"

"Sikutaka kukusumbua."

Redio akatazama chini. Alipoinua uso alimwona Mzee Taratibu amejifunika macho kwa kiganja, mabega yanamtikisika, mtu mzima na mvi zake. Wifi alichungulia, akarudi ndani polepole. Redio naye akasimama kama anayetaka kumfuata, kisha akasita.

"Mzee," akamuuliza, "nikae na wewe kidogo, au unataka nikuache peke yako?"

Mzee Taratibu akashusha kiganja.

"Kaa," akasema.