Mkia ni wa Aliyechelewa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, Antonia, Mwamvita na Hamdani walikaa kwenye meza ya pembeni katika hoteli ya Baba Rogathe, mjini Babati, wakaagiza samaki mmoja mkubwa wa kukaanga, ugali na pilipili. Walifanya hivyo kila mwezi. Antonia alikuwa fundi cherehani, Mwamvita aliuza vitenge dukani kwa mjomba wake, na Hamdani aliendesha bajaji ya mtu mwingine. Hakuna aliyeweza kula hotelini peke yake, lakini wakichanga walinawishwa kwa maji ya moto kama wateja wengine, wakacheka mpaka meza za jirani zikageuka. Ugali wa kuongeza haukulipiwa. Hamdani aliuomba mara mbili, na mara ya pili alimwita mhudumu shemeji.

Samaki wa Baba Rogathe walikuwa wa bei nafuu kwa sababu alikuwa na mtumbwi wake mwenyewe, nao uliingia ziwani hata siku ambazo wavuvi wengine waliogopa upepo na viboko.

Kiti cha nne kilikuwa cha Yoakimu, kaka yake Antonia, aliyevua kwa mtumbwi huo. Hakuwa ameonekana tangu masika. Mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye matete. Baba Rogathe alisema siku ile hakumtuma mtu. Kwa maneno yake, Yoakimu alikuwa ameacha kazi na kwenda kuchimba madini Mirerani. Kwa hiyo nyumbani kwao Nangara hakukuwa na matanga. Baba yao, Mzee Apolinary, alisema hawezi kumlilia mtoto aliyeko Mirerani. Mama yao alitandika kitanda cha Yoakimu kila asubuhi, na gauni jeusi aliloshonewa na Antonia likakaa sandukuni. Antonia alitaka neno moja tu kutoka kwa Baba Rogathe, kwamba alimtuma. Siku hiyo alikuwa amepanga kumuuliza mbele ya watu.

Samaki alipoletwa, Yoakimu aliingia. Alikuwa ameloa kuanzia kichwani, na magugu ya ziwani yamemzunguka shingo. Alivuta kiti chake akakaa. Maji yakaanza kutambaa chini ya meza. Hamdani akanyanyua miguu.

"Mambo," alisema Hamdani.

"Poa," alijibu Yoakimu, na maji kidogo yakamtoka mdomoni.

"Aliyechelewa anakula mkia," alisema Mwamvita. Ndiyo iliyokuwa sheria yao. "Na usituletee sura ya kuonewa."

"Mkia unanitosha."

Mwamvita akamkatia. Yoakimu alikula polepole, akichambua miiba kwa vidole vyeupe vilivyojikunja kama vya mtu aliyefua nguo kutwa.

Antonia alimwita mwenye hoteli.

"Shikamoo, Baba Rogathe."

"Marahaba, mwanangu. Samaki yuko vizuri?"

"Yuko vizuri. Huyu unamfahamu?"

"Si Yoakimu huyo? Kwa nini nisimfahamu?"

"Alikufa kwenye mtumbwi wako."

Baba Rogathe alimtazama Yoakimu, kisha akaitazama miiba iliyobaki kwenye sahani.

"Mwanangu, mtu aliyekufa hatafuni samaki," alisema kwa upole. "Ninyi wenyewe mmemkaribisha, mkamgawia, akala. Niliwaambia yuko Mirerani. Basi amerudi."

Akawageukia wateja wa meza nyingine, nao wakaitikia kwamba ni kweli, wamemwona akitafuna. Mwamvita akaweka kisu chini.

"Sema nani alikutuma," Antonia alimwambia kaka yake.

"Yeye," alisema Yoakimu. "Nilimwambia mtumbwi unavuja. Akanipa kopo la kuchotea maji."

"Wavuvi hawaishi kulalamika," alisema Baba Rogathe, na watu wakacheka kidogo. "Kesho alfajiri, Yoakimu. Usichelewe na kazini."

"Sawa, bosi."

Antonia alimpigia baba yake simu. Mzee Apolinary alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: amekula? Antonia akasema amekula.

"Basi sisi hatuna msiba," alisema mzee. Nyuma yake sauti ya mama ilisikika ikiuliza kama mtoto atakuja kulala.

Yoakimu hakwenda kulala. Alitoka hotelini akashika njia ya ziwani, na mhudumu akayadeki maji aliyoyaacha.

Mwezi uliofuata walikwenda tena, kwa kuwa hakukuwa na hoteli nyingine waliyoimudu. Samaki walikuwa wameshuka bei. Yoakimu alikuja na mwanamume mwingine, naye ameloa, amevaa kiatu kimoja. Aliitwa Konstantini, mtu wa Nakwa. Walisogea wakampa nafasi.

"Kwenu wameambiwa uko wapi?" Antonia alimuuliza.

"Dodoma," alisema Konstantini. "Kwenye ujenzi."

Alikuwa akimtazama samaki. Mwamvita alikuwa ameshashika kisu, lakini Antonia akaivuta sahani upande wake, akaifunika kwa mikono yote miwili.

"Usile, ndugu yangu," alimwambia Konstantini. "Nakuomba. Vumilia njaa mpaka kwenu wakulilie."

Konstantini alisema ataweza kuvumilia.

Baba Rogathe alikuwa tayari anatoka jikoni na sahani nyingine. Alikuwa amemwekea kichwa, na mchuzi mwingi, bure.

Konstantini akamshukuru, akanawa mikono.