Godoro Mbele ya Kamati

Jumanne asubuhi Bi Mkato alikuwa anabadilisha utepe wa taipureta, vidole vimejaa wino, Fundi Pamba alipopiga hodi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na lango la manispaa: meza, mashine, benchi la wateja, na kalenda ya mwaka juzi aliyoiacha ukutani kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji. Watu walimwita Bi Mkato kwa kuwa hakuna barua iliyotoka mle ndani bila kila mkato kukaa mahali pake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Wamenipiga notisi."

Notisi ilisema kwamba mshona magodoro huyo amevunja sheria ndogo ya usafi kwa kutupa godoro kwenye mfereji wa maji ya mvua nyuma ya soko. Mvua ya Jumamosi ilipokuja, mfereji uliziba, na maji yakaingia maduka manne na darasa moja la chekechea. Adhabu ni faini, na karakana kufungwa siku tisini. Ushahidi ni kitambaa cha buluu kilichoshonwa pembeni mwa godoro, chenye jina la karakana yake. Asiyeridhika aombe kusikilizwa ndani ya siku saba.

"Niandikie hilo ombi," alisema Fundi Pamba. "Wewe ndiye unayejua kusema nao."

Bi Mkato aliisoma notisi mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Godoro lile alilitupa yeye.

Mama yake alililalia miaka mitatu, hadi alipofariki mwezi uliopita. Gari la taka halichukui magodoro. Anayetaka kutupa godoro huandika barua ya kuomba kibali, na kibali huchukua wiki mbili. Bi Mkato alikuwa amewaandikia watu barua kama hizo hata hakumbuki ngapi, lakini ya kwake ilimshinda. Hakutaka kukaa wiki mbili zaidi nyumba moja na lile bonde lililoachwa na mwili wa mama katikati ya pamba. Ijumaa alfajiri alilikunja, akalifunga kamba, akaliburuta mpaka mferejini. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku moja, akimgeuza mama ubavu kwa mara ya nne, alisema kwa sauti, "Nitapumzika lini mimi?" Mama alikuwa macho.

"Kaa, fundi," alisema, akatia karatasi kwenye mashine.

Hajapata kuandika barua nzuri kama ile. Aliandika kwamba kushona si kutupa, na kwamba mshona shati haulizwi alikokwenda mvaaji. Aliandika juu ya miaka thelathini ya fundi kwenye mtaa ule bila doa. Moyoni alijiambia kwamba barua ikishinda hakuna atakayeumia, na hakuna atakayehitaji kusema chochote.

Alipofika kwenye "Wako mtiifu", godoro likaingia.

Lilikuwa limehifadhiwa kama kielelezo kwenye yadi ya manispaa, ng'ambo ya barabara. Lilitembea kwa pembe zake mbili za chini, likitanguliza upande wa kulia na kuuvuta wa kushoto, kama mama alivyotembea baada ya kupata kiharusi. Lilikuwa bado linachuruzika maji. Likapita mlangoni kwa ubavu, likaketi kwenye benchi. Fundi Pamba akasogea kulipa nafasi.

Mlinzi wa manispaa alifuata nyuma na daftari lake. "Nilidhani limetumwa," alisema. "Likimaliza shida zake lirudi kabla ya saa tisa. Tukifunga geti hatufungui." Akaandika saa ya kutoka, akaenda zake.

Fundi alilipapasa pembeni. "Limelowa mpaka ndani," alisema. Bi Mkato akamgeuzia barua aweke sahihi.

Walipangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, chumba namba sita, ghorofa ya pili. Fundi alimwomba Bi Mkato aende naye akamsomee barua, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Godoro lilipanda ngazi taratibu, likipumzika kila baada ya hatua tatu, na waliokuwa wanashuka walilipisha kama anavyopishwa mtu mzima.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Kulia kwake alikaa mkaguzi aliyeandika notisi, kushoto karani. Godoro lilikitazama chumba chote, kisha likaja kukaa kando ya Bi Mkato na kumwegemea begani. Lile bonde la katikati lilikuwa na joto.

"Na huyo?" aliuliza karani.

"Kielelezo namba moja," alijibu mkaguzi.

"Kielelezo hukaa mezani."

Walijaribu kulilaza mezani, lakini meza ilikuwa fupi. Mwenyekiti akasema, "Andika kwamba kielelezo kimekaa na wasikilizaji. Tuendelee."

Bi Mkato alisoma barua. Sauti yake haikukwaruza popote. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika na akasema ni muda mrefu kamati haijaletewa barua iliyonyooka namna ile. Kisha akamgeukia fundi.

"Godoro hili ulilishona wewe?"

"Nililishona mimi."

"Ukamuuzia nani?"

"Sikuuza. Nilimpa mgonjwa."

"Yuko wapi huyo mgonjwa?"

"Ametangulia mbele ya haki, mheshimiwa."

"Hakuacha watu?"

Fundi Pamba alitazama mikono yake. "Kila mtu huacha watu," alisema.

Mwenyekiti alivua miwani. Alieleza kwamba kwa sheria ndogo, aliyetajwa kwenye kitu ndiye mwenye kitu, mpaka mwingine ajitaje. Akazungusha macho chumbani. "Kuna mwenye la kusema kuhusu godoro hili?"

Godoro likazidi kumlemea Bi Mkato, mpaka kiti chake kikalia. Maji yakaanza kutoka kwenye pamba. Yakashuka mapajani mwake, yakajaa viatuni, yakachora mstari mwembamba sakafuni kuelekea meza ya kamati. Karani akainua mafaili yake yasilowe. Watu wote walimtazama Bi Mkato na kumsubiri, bila haraka na bila hasira, kama wanavyomsubiri mtu anayetafuta miwani kwenye mkoba. Sentensi ilikuwa tayari kinywani mwake, imekamilika na mikato yake.

"Naomba radhi kwa haya maji," alisema.

"Hayana neno," alijibu mwenyekiti. Akavaa miwani na kuandika kwamba adhabu inabaki kama ilivyo.

Kwenye ngazi fundi alitangulia, akiwa ameshika ukuta. Godoro lilikuwa nyuma yao, linashuka kwa tabu.

"Pole, fundi," alisema Bi Mkato.

"Magodoro mengi nimeshona," alisema Fundi Pamba, "lakini lenye pamba ya ziada upande wa kulia ni moja tu. Nyonga ya mama yako ilikuwa inamuuma. Waliponionyesha kielelezo yadini, kabla sijaja kwako, nilijua."

Bi Mkato alisimama. "Ulijua, na ukaja kwangu?"

"Nilidhani ukiandika mwenyewe, ukweli utatoka."

"Mbona hukunitaja?"

"Mama yako aliniita kaka miaka yote ile, mwanangu. Nimtaje mwanawe?" Aliliangalia godoro mpaka likawafikia. "Lianike juani siku tatu, uwe unaligeuza. Usipofanya hivyo litaoza katikati."

Jumatatu karakana ilitiwa kufuli la manispaa. Fundi alifunga sindano zake kwenye kitambaa, akahamia kwa binti yake aliyeolewa mji mwingine. Walioonana naye walisema amepewa kona kwenye baraza ya mkwewe, anashona mito.

Bi Mkato alilianika godoro siku tatu, akiligeuza. Lilipokauka lilirudi lenyewe chumba cha mama, likajilaza kitandani. Asubuhi lilimsindikiza kazini, na wateja waliokalia benchi walishukuru kupata pa kuegemea.

Wiki ya tatu manispaa ilimwita kaunta. Kielelezo kilikuwa kimetoka yadi na hakina fomu ya kutolewa, mkaguzi wa hesabu analalamika. Karani, yule yule wa chumba namba sita, alimsogezea fomu. Chini kabisa palikuwa na mstari: *Jina na sahihi ya mwenye mali*.

Bi Mkato aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, kila moja ikisomeka. Akatia sahihi. Kisha akasimama pale pale, mkono bado uko juu ya karatasi.

Karani alisoma jina. Akaligonga muhuri.

"Mimi ndiye mwenyewe," alisema Bi Mkato. "Lilikuwa langu. Hata siku ile ya mvua lilikuwa langu."

"Ndiyo, umeandika vizuri," alisema karani. "Hili linaingia faili la mali. Lile la adhabu lilishafungwa." Akatazama nyuma ya Bi Mkato. "Anayefuata."

Nje, godoro lilikuwa limeegemea ukuta kivulini. Wakarudi kwa njia ya karakana. Mbele ya mlango wenye kufuli godoro lilisimama, likainamisha pembe moja, kama mtu anayemwamkia mwenye nyumba. Bi Mkato akasubiri mpaka likamaliza. Kisha wakaendelea nyumbani, yeye akipunguza mwendo ili lisiachwe.