Hali ya Mwanzo

Katika ofisi ile hakuna aliyejenga kitu tangu msingi. Vitufe, visanduku na kadi za kurasa za mtandaoni vilitoka katika maktaba ya vipande iliyoandaliwa na watu wasiojuana na kugawiwa bure. Kazi ya fundi ilikuwa kuvipanga, kuvitia rangi, kisha kuitwa mbunifu. Fundi wa hapo, ambaye wenzake walimwita Mhandisi kwa heshima iliyochanganyika na kijembe, alikuwa akiitengenezea hospitali moja ukurasa wa mtandaoni. Ndugu wa mgonjwa wangeufungua popote walipo na kusoma hali yake.

Hali zote alizihifadhi mahali pamoja, alipopaita ghala. Wauguzi wakibadilisha neno ghalani, kadi za wagonjwa ukurasani nazo hubadilika papo hapo. Lakini ghala halikukubali kuwa tupu: kabla wodi haijatuma neno lolote, sharti pawepo hali ya mwanzo. Mhandisi aliandika: Nzuri.

"Andika 'Haijulikani'," alisema mchoraji wa kurasa, mwanamke aliyeketi meza ya jirani.

"Wewe ukiulizwa hali, unajibu 'haijulikani'?"

"Mimi si mgonjwa."

"Hata mgonjwa. Muulize aliyevunjika mguu: hali? Nzuri, ila mguu tu. Ya nini kuwatia watu presha bure?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wa mazoea, na mazoea hayadaiwi ushahidi. Neno likabaki.

Ukurasa ulipoanza kujaribiwa, mama yake Mhandisi alikuwa amelazwa katika hospitali iyo hiyo kwa maradhi ya moyo. Alasiri ya siku hiyo ya kwanza dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali, alimpigia simu kutoka kituo cha mabasi.

"Bwana kompyuta, niambie ukweli. Nipande leo, au nikaombe ruhusa kazini kwanza?"

Mhandisi alifungua kadi ya mama. Ilikuwa ya kijani, pembe zake zimeviringwa kwa ustadi wa watu wengine.

"Hali nzuri, dada. Omba ruhusa, uje kesho."

"Umemwona?"

"Nimeona ukurasa."

"Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Simu ilipokatika, mchoraji alisogeza kiti, akainamia skrini.

"Kadi hii haina saa. Wodi ikituma neno, saa hutokea chini yake. Hapa hakuna aliyesema kitu. Umesoma maneno yako mwenyewe."

Mhandisi alipiga simu wodini. Muuguzi alisema mtandao wao umekatika tangu asubuhi, kisha akaongeza: "Ungekuja, kaka yangu."

"Dada, panda! Panda sasa hivi!" Mhandisi alimpigia dada yake kumwambia. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka, na lililofuata lilikuwa la alfajiri.

Alipofika wodini alimkuta mama ameegemezwa mito, akivuta pumzi kama mtu apandaye ngazi. Aliushika mkono wake, na kwa kukosa neno jingine akauliza alilozoea kuuliza maisha yake yote.

"Mama, hali?"

"Nzuri, mwanangu."

Muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa kitanda alitazama sakafu.

"Dada anakuja," alisema Mhandisi.

"Mwambie asihangaike. Mimi sijambo."

Ndipo alipotambua kuwa neno lile la ghalani hakulibuni yeye. Alilirithi.

Basi la alfajiri lilifika mchana, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Dada alisimama mlangoni, mkoba begani, akakitazama, asiulize lililokuwa wazi.

"Alisemaje?"

"Aliniagiza nikwambie usihangaike. Alisema hajambo."

"Na yeye ulimwamini?"

"Hapana."

Dada aliuweka mkoba juu ya kitanda, akaketi kando yake. Mhandisi naye akaketi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake hali.