Mashua Iliyopanda Gari la Moshi

Watu wa Mlali wana midomo, na siku ile walikuwa na haki ya kuitumia. Ng'ombe wanne walikuwa wanakokota gari, na juu ya gari imelazwa mashua. Si mtumbwi wa kuvukia mto, la! Mashua nzima ya baharini, ina mkuku na mataruma yake ya mbavuni, tanga limekunjwa, nanga inaning'inia nyuma na kugonga mbao kila gari linaporuka shimo. Na ndani yake ameketi mwanamke na masufuria yake, kama yuko kwake. Kwani si alikuwa kwake?

"Jamani, mmekuja kuvua papa mlimani?" mzee mmoja aliuliza.

"Tumekuja kuvua wenye maswali," alijibu Mwaisha, wala hakugeuka.

Huyo ndiye Mwaisha. Amezaliwa pale pale Mlali, chini ya Uluguru, akaolewa na Mikidadi, baharia wa Dar es Salaam. Miaka yote ya ndoa yao walikaa ndani ya mashua hiyo. Wanapakia chumvi na nazi, wanashusha, wanapika humo, wanalala humo, wanagombana humo na kupatana humo. Mashua yenyewe Mikidadi aliipa jina Tutaona. Wakubwa wa bandari walipomwuliza maana yake aliwaambia, "Ni hiyo hiyo."

Kilichowatoa baharini ni maneno ya mjomba wake Mwaisha, mzee Pazi, yaliyofika kwa mdomo wa mchuuzi mmoja wa tumbaku. "Mwambie mpwa wangu, shamba la mama yake halitoi moshi. Mzungu wa kupima ardhi anakuja na minyororo yake. Akikuta nyumba, analiacha. Asipokuta, serikali inasema ardhi haina mwenyewe, na mlowezi anapewa alime pamba. Aje upesi." Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mama yake Mwaisha amekwisha kufa, binti mwingine hakuna, na bonde lile alililima bibi yake, na kabla ya bibi mama yake bibi. Mwaisha alilia siku nzima. Kisha akaosha uso akamwambia mumewe, "Mimi nakwenda kwetu."

Mikidadi akasema, "Nitakufuata, mke wangu. Lakini Tutaona inakuja nzima. Haubaki hata ubao."

Mwaisha alijua sababu, nani asingeijua? Mwanamume anayehama na chombo chake amejiwekea njia ya kurudi. Ilimchoma kidogo moyoni, lakini akaanza kufunga masufuria yake, maana yeye ndiye aliyekuwa anamtoa mwenzake kwao.

Gari la moshi siku hizo lilikuwa bado jambo geni, na watu walikwenda stesheni kulitazama tu. Mashua ikapakiwa kwenye behewa la wazi. Msimamizi akafoka kwamba abiria hukaa behewa la abiria. "Mimi si abiria," Mwaisha akamwambia, "mimi ni mzigo ndani ya mzigo." Yule bwana akachoka naye. Basi wakasafiri hivyo hivyo ndani ya chombo chao, cheche za moto zikitoboa kanga yake, Mikidadi ameshika usukani kwa mazoea, mpaka Morogoro. Pale wakakodi gari la ng'ombe, na ndilo hilo lililowafikisha Mlali na kuwapa watu cha kusema mwaka mzima.

Mzee Pazi alikuwa anawasubiri shambani, mikono kichwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Lo, mmechelewa! Mzungu amepiga hema ng'ambo ya kijito, kesho adhuhuri yuko hapa. Nyumba gani itasimama mpaka kesho? Mchukue mbuzi wangu, twende kwa akida tukampigie magoti."

"Mbuzi wako mle wenyewe, mjomba. Nyumba ninayo."

"Iko wapi?"

Mwaisha akainyooshea kidole mashua. Mzee Pazi akakaa chini.

Wanawake waliokuwa wakicheka njiani ndio waliokuja kwanza kusukuma. Hivi ndivyo walivyo watu wa Mlali, watakusema huku wanakusaidia. Mashua ikateremshwa juu ya magogo, ikaegemezwa vizuri katikati ya shamba, tanga likatandazwa juu kama paa. Ndani, penye sanduku la mchanga ambamo siku zote alipikia, Mwaisha akapanga mafiga yake matatu akawasha moto. Moshi ukapanda. Mzee Pazi akautazama mpaka machozi yakamtoka, akasingizia moshi wenyewe.

Asubuhi akaja akida Yunusi. Huyu alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kuwatawala watu wa milimani, na kila mtu alijua kwamba mlowezi wa pamba alikuwa mgeni wake mezani. Sauti yake ilikuwa laini sana. Hata alipoamuru mtu apigwe viboko hamsa ishirini, aliamuru kama anaomba maji ya kunywa.

Akaizunguka mashua mara moja. "Nimesikia mnasema hii ni nyumba."

"Tunakaa humu," alisema Mwaisha.

"Mnakaa, ndiyo. Hata kunguru anakaa mtini. Bibi wee, nyumba ni kitu kisichoondoka. Hiki jana kilikuwa njiani, juzi stesheni, kesho kutwa mumeo akikumbuka bahari mtakikokota tena. Chombo ni mgeni popote kinapotia nanga. Ndivyo nitakavyomwambia Bwana Mpimaji." Akamgeukia Mikidadi. "Au nasema uwongo, nahodha? Kitieni majini hiki, hakielei?"

Tutaona ilielea, na vizuri. Nahodha gani atasema kwamba chombo chake mwenyewe kinavuja? Akida akatabasamu, akaenda zake kumlaki mzungu wake.

Mwaisha alibaki amesimama na mwiko mkononi. Hofu ilimshika, na hasira juu yake, na juu ya vyote hivyo aibu, kwa sababu yule mshenzi alikuwa amesema kweli. Alijua kitu kimoja tu kingemfunga akida mdomo. Alijua pia kwamba kitu hicho hawezi kumwomba mumewe. Unaweza kumwomba mtu ahame kwao, unaweza kumwomba akae kwa wakwe mpaka azeeke, lakini hilo, hapana. Afadhali pamba iote.

Mikidadi aliipapasa mashua ubavuni, taratibu, kutoka tezi mpaka omo. Alikuwa ameiunda yeye na marehemu baba yake. Alipofika mwisho akarudi, akaingia ndani, akatoka na shoka na msumeno.

"Mwaisha," aliita, "unataka mlango uangalie wapi?"

Mwaisha akauelekeza mwiko mlimani.

"Haya. Sogea, usije ukachomwa na vibanzi."

Pigo la kwanza liliwanyamazisha hata watoto. La pili likapasua ubao. Mikidadi alikata bila kupumzika, anahema, jasho na machozi vinamtiririka pamoja, na kila taruma lilipovunjika alitukana. Alimtukana akida, akamtukana mlowezi, akaitukana pamba, akamtukana aliyevumbua minyororo ya kupimia. Mzee Pazi alitaka kumpokea shoka apumzike. "Niache, mzee," alisema, "hii ni yangu." Alipomaliza, ubavuni mwa mashua palikuwa na tundu la kupita mtu mzima, na hakuna fundi duniani ambaye angeirudisha baharini. Mwaisha alimfuta uso kwa upindo wa kanga yake mbele ya watu wote. Kisha akaichukua kanga nyingine, ya doti lake jipya, akaitundika mlangoni kuwa pazia. Akaingia ndani kupika.

Adhuhuri wakafika. Bwana Mpimaji mbele, mzungu mwembamba aliyeungua pua, Kiswahili chake kizuri tu. Nyuma yake karani, askari wawili, wabeba minyororo, na akida Yunusi pembeni anamsemesha njia nzima. "Ni pori, bwana. Hapana nyumba hapa. Wameleta gofu la mashua ili kuidanganya serikali."

Mzungu alisimama akaitazama ile mashua katikati ya bonde, milima nyuma yake, moshi juu yake. Ndevu zikamcheza. "Kuna mtu ndani?"

"Hapana mtu, bwana."

"Nenda utazame."

Akida Yunusi akaenda kwa hatua za mtu mwenye haraka ya kumaliza kazi. Akafika mlangoni. Harufu ya vitunguu ikampokea, na nyuma ya pazia sauti ya mwanamke anakohoa moshi. Mguu wake ulikuwa tayari umenyanyuka, nao ukabaki hapo hapo hewani. Mtu wa pwani, kalelewa na mama yake kwa fimbo na adabu, ataipitaje kanga iliyotundikwa mlangoni na mwanamke yumo ndani? Mdomo ulisema wenyewe kabla yeye hajauruhusu.

"Hodi!"

Watu wote wakasikia. Ndani, Mwaisha naye alisikia. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, ili abishe tena na mzungu asikie. Akakoroga mchuzi.

"Hodi, hodi!"

Akida akajikohoza, akaongeza sauti kama desturi inavyotaka. "Hodi wenyewe!"

"Yunusi," mzungu aliita kutoka kule alikosimama, "unawabishia hodi wenyewe gani? Si umesema hapana mtu, tena ni gofu?"

"Bwana, ndani... ndani mna mwanamke. Mtu hawezi kuingia tu nyumbani kwa..." Akageuka. Watu wa Mlali walikuwa wamejishika matumbo, na wewe unawajua kwa midomo. Kicheko kilipasuka kikapanda mlima mzima. Hata karani alilazimika kuinamia karatasi zake.

Mzungu hakucheka. Aliwaambia wabeba minyororo, waliokwisha kusimika kigingi cha mpaka ukingoni mwa shamba, "Hapa pana watu. Ng'oeni kigingi hicho, mkasimike ng'ambo ya kijito." Kisha akamwambia akida, "Na wewe ngoja ukaribishwe."

Ndipo pazia likafunguka. Mwaisha alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko mkononi, na Mikidadi akaja kusimama ubavuni pake, mikono imejaa vibanzi. Mwaisha alimtazama akida kutoka utosini mpaka miguuni, wala hakuwa na haraka.

"Karibu, bwana akida," alisema. "Lakini viatu vyako viache nje."

Akida Yunusi alitazama nyuma. Mzungu alikuwa bado anangoja, na watu wote wa Mlali pamoja naye. Akainama, akaanza kufungua kamba.