Dohani Imetakata

Mama mkwe alitandika shuka kuukuu mbele ya meko ya sebuleni, akakaa kusubiri masizi. Juu ya paa moja lililofunika nyumba yao na ya jirani, mume wa bintiye alikuwa akisugua dohani huku akipiga mluzi. Bintiye aliletewa wachumba chungu nzima, akaokota huyu.

Kelele za burashi zilikoma. Shuka lilikuwa bado jeupe pe.

Mkwe akaingia, kifua mbele. "Mama, dohani imetakata. Washa kuni zako."

"Imetakata ya nani?"

Kabla hajajibu, jirani mshona nguo za harusi aliingia bila hodi, uso umejaa masizi, amekumbatia gauni jeusi tii.

Mama mkwe akakunja shuka lake taratibu, akamtupia mkwe. "Mpe ajifute."